Saa nane ya nani? Kisa cha saa ya kalenda ya kudumu iliyogoma tarehe 19

Jumatano ya tarehe 23 Agosti 2023 Maalim aliingia kibandani kwangu hapa Mombasa, akakaa, akatoa leso mfukoni na kuifungua pindo kwa pindo. Ndani mlikuwa na saa ya mkononi. Kijisahani cha kushoto kilisema Jumatano. Kijisahani cha chini, cha tarehe, kilisema 19.

"Fundi," akaniambia, "siku inaijua. Tarehe imeisusia."

Kazi yangu ni saa, lakini msomaji asinikuze. Siku nyingi natia betri, nafupisha mikanda ya chuma, nafufua Seiko 5 zilizoingia maji ya chumvi. Saa kama ile haziji kwangu. Nilizijua kwa kusoma, na kwa kushika mbili tatu za wageni waliotaka tu kubadilishiwa mkanda. Jina la kampuni iliyoitengeneza nitaliacha, kwa sababu kosa halikuwa lao.

Ilikuwa saa ya Uswisi ya kalenda ya kudumu, yaani saa inayojua yenyewe mwezi upi una siku 31, upi 30, na Februari ipi ina 28 au 29. Kushoto siku ya wiki. Kulia mwezi, na ndani yake kimshale kama unywele kinachosoma 1, 2, 3, 4, yaani mwaka wa ngapi katika ule mzunguko wa miaka minne wenye Februari ya siku 29. Chini tarehe, na katikati ya tarehe kidirisha cha buluu chenye sura ya mbalamwezi. Ubavuni mwa kasha, vitundu vinne vidogo kuliko kichwa cha kiberiti: kimoja cha siku, kimoja cha tarehe, kimoja cha mwezi, kimoja cha mbalamwezi. Ukibonyeza kitundu mara moja, kitu chake kinasogea hatua moja mbele. Hakuna cha kurudi nyuma. Hilo la kutorudi nyuma likumbuke, tutalihitaji.

Saa ilikuwa ya kaka yake mkubwa, aliyehamia Muscat angali kijana na kufia hukohuko katika kumi la pili la Ramadhani ya 2023. Alizikwa Jumapili tarehe 9 Aprili. Saa ikabaki juu ya meza ya kitanda, ikaendelea kutembea kwa nguvu iliyokuwa imebaki kwenye kamani, ile springi inayoiendesha, kisha ikasimama yenyewe Jumanne tarehe 11. Mwezi wa saba kijana wa marehemu alipokuja Mombasa, akamkabidhi ami yake. Maalim akaiweka kabatini ikiwa imesimama vilevile. Alinieleza bila haya kwamba hakutaka kuigusa ile 11, kwa kuwa nguvu iliyoifikisha saa kwenye tarehe hiyo ni ya mkono wa kaka yake.

Usiku wa Jumamosi tarehe 19 Agosti akaamua basi, saa ni ya kuvaliwa. Kijana alikuwa amesharudi Muscat, lakini alikuwa amemwachia maelekezo kwenye simu. Maalim alinionyesha ujumbe wenyewe, nami nikauomba nikaunakili: "Ami, usibonyeze vile vitundu vya pembeni kati ya saa nane usiku na saa tatu asubuhi. Ukibonyeza wakati huo itaharibika."

Maalim amesomesha hesabu miaka zaidi ya thelathini. Mtu akimpa sharti, atalifuata mpaka nukta ya mwisho. Alisali Isha, akarudi nyumbani, akatazama saa ya ukutani: saa mbili na dakika arobaini usiku. Saa nane ilikuwa mbali, zaidi ya masaa matano. Hata hivyo aliona afanye haraka asije akapitiwa. Akaitia saa ufunguo, akaisogeza mishale mbele mpaka ikalingana na ya ukutani, akachukua pini ya ushungi ya mkewe, akaanza kubonyeza.

Nadhani umeshaona. Kitabu cha saa kilikataza kubonyeza kuanzia mshale mfupi ukiwa kwenye 8 ya usiku hadi ukiwa kwenye 3 ya alfajiri. Kwetu sisi hiyo ni saa mbili usiku hadi saa tisa usiku. Kijana aliyahamisha maneno, akayaacha masaa palepale. Simlaumu sana. Amekulia Muscat, ambako Mwarabu naye akitaja saa nane anamaanisha mshale ulio kwenye 8. Kiswahili chake ni cha nyumbani, kizuri kupita cha vijana wengi wa hapa, lakini masaa yake ni ya shule. Na Maalim, kwa utiifu wake wote, akaenda kubonyeza katika dakika zilezile alizoombwa asibonyeze.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu siku ile, maana nimetafsiria wateja vitabu vya saa mara ngapi bila kulijali. Tofauti ya saa zetu na za Wazungu ni masaa sita, na masaa sita kwenye uso wa saa ni nusu duara kamili. Ndiyo maana mtoto hufundishwa asome mkia wa mshale badala ya ncha: ncha ikiwa kwenye 8, mkia uko kwenye 2. Saa ya kawaida haidhuriki na hesabu hizi. Inatembea tu, kila mtu aisome atakavyo. Saa ya kalenda ina usiku wake ndani ya chuma. Inajua, au tuseme imejengwa kana kwamba inajua, kwamba mshale ukipita juu kabisa kwa mara ya pili siku imekwisha.

Marehemu babu yangu alikuwa na saa yenye kidirisha cha tarehe, naye mishale aliiweka kwa saa za Kiswahili: jua likichwa, saa yake ilisoma 12. Tarehe yake ikawa inabadilika magharibi. Watu walimcheka. Yeye alikuwa akisema ndiyo saa pekee iliyo sahihi mtaani, kwa kuwa siku ya Kiislamu huanza jua likizama, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe. Fundi aliyeiunda hakukusudia hayo, lakini babu alikuwa na hoja.

Turudi kwenye leso.

Nilimuuliza Maalim kwanza swali moja: Jumapili asubuhi, baada ya usiku ule, siku ya wiki ilisomaje? Akasema Jumapili. Swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Saa iliyosimama haikwambii kama ilisimama mchana au usiku. Mishale ni ileile. Ukiisogeza mpaka 8 na dakika 40 bila kuipitisha kwanza kwenye mabadiliko ya tarehe, hujui kama umeiweka kwenye usiku au kwenye asubuhi. Kama ndani ya saa ya Maalim ingekuwa asubuhi, angeokoka kwa bahati, na kesho yake siku ingeruka adhuhuri badala ya usiku wa manane. Lakini iliruka usiku. Basi mle ndani ulikuwa usiku kweli, na mtambo ulikuwa umeshaanza kazi yake.

Kazi yenyewe ni hii. Chini ya uso kuna mkono mmoja wa chuma, mwembamba, ambao mafundi wa zamani waliufanya kuwa bosi wa kalenda nzima. Gurudumu linalozunguka mara moja kwa masaa 24 linausukuma polepole jioni, kisha usiku unapiga hatua yake. Mkono huo una ndimi. Ulimi mmoja husukuma gurudumu la siku, lenye meno saba. Wa pili husukuma gurudumu la tarehe, lenye meno 31. Upo wa tatu, ambao siku nyingi haufanyi kitu. Husubiri mwisho wa mwezi usiofika 31, ndipo unakamata na kuzirusha tarehe zilizozidi zote kwa mpigo mmoja mpaka 1.

Maalim akanikatiza. Huo wa tatu unajuaje kama mwezi una siku 30 au 28?

Nikamchorea kwenye kadibodi ya betri. Kuna gurudumu jingine linalochukua miaka minne kuzunguka mara moja. Ukingo wake umegawanywa sehemu 48, mwezi mmoja sehemu moja. Mwezi wa siku 31 ukingo ni mzima. Mwezi wa 30 una pengo fupi. Februari ina pengo la kina, na Februari ya mwaka mrefu kina chake kimepungua kidogo. Mkono mkuu una pua inayolala juu ya ukingo huo, na kadiri pua inavyozama ndivyo ulimi wa tatu unavyofika mbali.

Akachukua kalamu kutoka mkononi mwangu. "Miezi ya 31 ni saba kwa mwaka, mara nne, ishirini na nane. Hiyo haina mapengo. Ya thelathini ni minne, mara nne, kumi na sita. Na Februari nne. Mapengo ishirini." Akanitazama kama aliyenikamata nimesahau kujumlisha. Kisha, bila mimi kugusia, akauliza: "Na 2100?"

Swali hilo wenye saa hizi hulijua kwa kichwa. Kalenda tunayotumia, iliyorekebishwa na Papa Gregory XIII mwaka 1582, huondoa siku tatu kila miaka 400: mwaka wa mia usiogawanyika kwa 400 haupati siku ya ziada. Mwaka 2000 ulipata, 2100 hautapata. Gurudumu la miaka minne halilijui hilo, kwa hiyo siku ya mwisho ya Februari 2100 ikiisha, saa hizi karibu zote zitasema 29 na mtu itabidi azisukume kwa mkono. Neno "kudumu" lina mpaka wake.

Sasa fikiria saa mbili na dakika arobaini usiku. Ulimi wa tarehe umeshajongea, ncha yake imeingia kati ya meno mawili. Maalim anabonyeza kitundu cha tarehe, kinacholisukuma gurudumu lilelile kutoka upande mwingine. Alihitaji hatua nane tu, kutoka 11 hadi 19. Mbili za mwanzo zilipita. Ya tatu, alisema, "ilikuwa ngumu kama kubonyeza mfupa." Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Ikakubali. Tano zilizobaki zikaenda laini mno.

Ule ulaini ndio ulionitia hofu kuliko ule ugumu.

Niliitazama kwa kioo cha jicho. Kitundu cha tarehe kilikuwa kimezungukwa na mikwaruzo midogo, kama uwanja uliochakurwa na kuku. Cha mwezi kadhalika. Cha siku kilikuwa na mmoja. Cha mbalamwezi kilikuwa safi. Nikavuta kifundo cha kutilia ufunguo na kuisogeza mishale mbele, taratibu, huku nimeinamia. Ilipokaribia juu kabisa, kimshale cha siku kikajitikisa na kuruka Alhamisi. Kimshale cha tarehe kikatikisika, kikanyanyuka nusu ya hatua, kikarudi 19. Nikaendelea masaa 24 mengine. Ijumaa. 19 tena, baada ya mtikisiko uleule.

Nikamwambia ninachoamini: ulimi wa siku mzima, ulimi wa tarehe umepinda au ncha yake imekatika. Unaligusa jino, hauwezi kulibeba.

Kisha nikaona kitu alichokuwa hajakiona. Kile kimshale kama unywele kilisoma 4. Mwaka 2023 ni wa tatu katika mzunguko: 2020 ndio uliokuwa na siku 29, 2021 wa kwanza, 2022 wa pili, huu wa tatu. Nikamuuliza mwezi aliuwekaje. Akakiri kwamba kutoka Aprili alikusudia kubonyeza mara nne afike Agosti, akapitiliza Septemba. Kwa kuwa hakuna kurudi nyuma, akazunguka miezi kumi na moja mpaka Agosti tena. Akafurahi kwamba imefika. Lakini alipovuka Desemba, saa ilihesabu mwaka mpya umeingia. Kwa jicho la kawaida kila kitu kilikuwa sawa: mwezi wa nane ni mwezi wa nane. Kosa lingelala miezi sita, kisha tarehe 29 Februari 2024, wakati kalenda zote za ukutani zinasema 29, saa yake ingesema 1 Machi. Angenirudia akilalamika kwamba saa ya mamilioni haijui Februari, na pengine mimi nisingekumbuka kuuliza.

Kwa maoni yangu kosa hili la pili ndilo linalowapata wengi, na ndilo lisilosemwa dukani. La kwanza linavunja chuma, utalijua kesho yake. La pili linakaa kimya.

Alitaka niifungue. Nilikataa, na kukataa kwenyewe kulinigharimu, maana mteja wa pili alikuwa ameketi pale akisikiliza. Ulimi ule ni mwembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga, umeshikiliwa na springi nyembamba zaidi, na juu yake kuna daraja la vyuma ambalo ukilinyanyua pasipo kujua mpangilio, springi mbili tatu zitakwenda kuishi chini ya kabati. Sina vipuri, na kampuni hizi hazimuuzii fundi wa kibandani. Nikamwambia irudi kwa walioiunda. Tukaiacha itembee ilivyo mpaka kamani ikaisha, tukaifunga kwenye leso, na rafiki wa familia akaibeba mpaka Muscat, kijana akaipeleka kwenye kituo cha huduma cha kampuni yenyewe.

Kuna kampuni zilizolifikiria jambo hili mapema. Mwaka 1985 IWC ya Schaffhausen ilitoa saa ya Da Vinci, kazi ya Kurt Klaus, ambayo kalenda yote inasogezwa kwa kile kifundo kimoja cha ufunguo: siku, tarehe, mwezi, mwaka na mbalamwezi vimefungwa pamoja, na mwaka unasomeka kwa tarakimu nne. Hakuna namna ya kuweka mwezi sahihi na mwaka wa uongo, lile kosa la kimya halipo. Adhabu yake ni nyingine: ukizidisha siku tano mbele, unaivua, unaiacha isimame, unasubiri siku tano dunia ikufikie. Mwaka 1996 Ulysse Nardin wakatoa Perpetual Ludwig, ya Ludwig Oechslin, inayokwenda mbele na nyuma kwa kifundo. Mwaka huohuo Patek Philippe, ambao ndio walioweka kalenda ya kudumu kwenye saa ya mkononi mwaka 1925, walianzisha kitu cha kiasi zaidi: kalenda ya mwaka. Hiyo inajua miezi ya 30 na ya 31, haijui Februari; unaisahihisha mara moja tu kwa mwaka, Machi inapoingia.

Mtu akiniuliza anunue ipi, nitamwambia ya mwaka. Inamlazimisha mwenyewe kuigusa mara moja kila mwaka, kwa hiyo hasahau inavyoguswa. Ya kudumu inakaa miaka bila kuhitaji mtu, na siku ikihitaji, mwenyewe ameshasahau kitabu kiko droo gani.

Na namna ya kuiweka, nimeacha kabisa kutaja saa kwa namba. Namwambia mtu hivi: tia ufunguo kwanza, mizunguko ishirini au thelathini. Vuta kifundo, sogeza mishale mbele, mbele tu, mpaka uone tarehe au siku imeruka. Hapo umejua usiku wa saa uko wapi. Endelea mpaka mshale mfupi uelekee chini kabisa, kwenye miguu yako. Acha hapo. Sasa bonyeza.

Uzuri wa mshale kuelekea chini ni kwamba hauna lugha. Mzungu ataita 6, sisi tutaita kumi na mbili, iwe asubuhi au jioni, na kwa saa kama ya Maalim pande zote mbili ni salama. Zipo saa ambazo mtambo wake huanza mapema zaidi jioni, ndiyo maana naipitisha kwenye usiku kwanza, ili chini hiyo iwe ya asubuhi. Kitabu cha saa yako kikisema vinginevyo, kisikilize kitabu, lakini chora uso wa saa kwenye karatasi, tia wino sehemu iliyokatazwa, usiandike namba.

Cha kubonyezea ni kile kijiti kilichokuja na saa, au kijiti cha meno cha mbao ukikata ncha kali. Mbao itavunjika kabla ya chuma. Pini haivunjiki, ndiyo ubaya wake. Na kitundu kikikataa, kimekataa. Sogeza mishale, rudi tena. Anza na mwezi na mwaka wakati tarehe iko chini ya 28, hesabu mibonyezo kwa sauti, ndipo uje kwenye tarehe, kisha siku.

Mbalamwezi ndiyo iliyonipa raha. Vitabu huagiza utafute siku mwezi ulipokuwa mpevu mara ya mwisho, usogeze picha mpaka duara lijae katikati ya kidirisha, kisha ubonyeze mara moja kwa kila siku iliyopita tangu hapo. Wengine huhangaika kutafuta kwenye simu. Maalim hakuhitaji. Nilipomuuliza, aliitazama dari nukta mbili akasema leo ni siku ya sita ya mwezi mwandamo. Anayefunga zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15, anajua mpevu ulikuwa lini kama anavyojua jina lake. Picha hiyo kwa kawaida husukumwa na gurudumu la meno 59, miezi miwili ya siku 29 na nusu kila mmoja. Mwezi wa kweli ni mrefu kidogo kuliko hapo, kwa hiyo baada ya miaka miwili na miezi kama minane picha inakosea siku moja. Saa nyingine zina gurudumu la meno 135, zinakaa miaka 122 kabla ya kukosea hiyo moja.

Aliuliza kama ipo saa ya Hijria. Ipo, Parmigiani Fleurier wameunda ya mkononi, kwa mzunguko wa miaka 30 ambamo 11 ni ya siku 355 na iliyobaki 354. Ni ufundi mkubwa, ila ni kalenda ya hesabu. Huku kwetu mwezi huandama ukionekana, na watu wawili wa mtaa mmoja wanaweza kufungua siku mbili tofauti. Maalim akasema hiyo saa itawaongezea watu wa kubishana naye.

Ilirudi katikati ya Januari 2024. Ulimi wa tarehe ulikuwa umebadilishwa, kalenda imewekwa upya, kimshale cha mwaka kikisoma 4, safari hii kwa haki. Gharama ilikaribia bei ya bodaboda mpya. Maalim aliilipa nusu kwa nusu na mtoto wa kaka yake; kijana ndiye aliyesisitiza. Mikwaruzo ya pini aliwaambia wasiisugue.

Nilimshauri asinunue kile kisanduku cha umeme kinachozungusha saa isisimame. Avae. Siku asiyovaa, aitie ufunguo asubuhi baada ya chai. Asioge nayo, asiende nayo baharini: vitundu vinne ni milango minne, na hewa yetu ya chumvi haihitaji kualikwa. Na akienda safari ndefu, aiache isimame, nitakuja kuiweka mwenyewe.

Jumatano tarehe 28 Februari nilifunga kibanda nikaenda nyumbani, nikalala mapema. Simu ikalia gizani.

"Fundi, umelala?"

"Nilikuwa nimelala, Maalim."

"Imeruka. Ishirini na tisa. Alhamisi."

"Mshale mfupi uko wapi?"

"Juu kabisa," akasema. "Na mikono yangu iko mapajani. Sijagusa kitu."